Gurudumu la Upande Wangu

Aliyenisoma juma lililopita aliniacha mlangoni mwa nyumba yangu hapa Kaloleni, shemeji yangu Obura akininyooshea barua na kalamu. Kwa anayenikuta leo nitasema kwa ufupi, kwa sababu kila ninaporudia, moyo unaanza upya.

Mimi ni Benta, mama wa Amondi, mjane wa Sylvance Odera. Katika mvua ndefu ya mwaka jana, barabara ya nyuma ya Donholm ilipogeuka mto, mume wangu alikuwa akivusha watu kwa Land Cruiser kuukuu waliyomiliki pamoja yeye na ndugu yake Obura. Siku ya tisa gari lilikwama katikati ya maji. Abiria wote waliokolewa kwa kamba. Sylvance hakuokolewa. Tulimpata baada ya siku mbili.

Mtaa mzima ulisema kosa ni la fundi Muasya, aliyetengeneza magurudumu ya mbele juma moja kabla. Na sasa Obura alikuwa ameandika barua ya kuitaka kamati ya mafundi imwondoe Muasya katika uwanja wao. Alitaka niisome kwa sauti mbele ya kamati siku ya Jumamosi, niitie sahihi, ndipo tufanye ibada ya ukumbusho wa mwaka mmoja.

"Nipe siku tatu," nilimwambia.

"Za nini, shemeji?"

"Za kuisoma."

Alicheka, na cheko lake lilikuwa la upendo. "Soma, Mama Amondi. Zamani tungekuletea wino wa kidole gumba. Laiti ndugu yangu angekuona."

Hapo ndipo nilipoishia. Wasomaji wangu wanajua tayari kwamba kwa miaka ishirini na mmoja nilimficha Sylvance kwamba sikujua kusoma. Nilipoolewa nilimwambia nilifika darasa la saba. Sikufika hata la kwanza. Baada ya mazishi, aibu ilipokuwa haina tena wa kufichwa, nilijiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima, katika ukumbi wa mtaa wetu, kwa Mwalimu Nduta. Sasa ninasoma. Polepole, lakini ninasoma.

Kuna jambo moja ambalo sijalisema katika majuma yote haya. Leo nalisema.

Kazi yetu ya kuvusha watu ilikuwa na utaratibu wake. Mimi nilitangulia majini na mpini wa mopu niliokuwa nimeufunga vitambaa vitatu. Cheupe usawa wa goti, cha kijani usawa wa bampa, chekundu usawa wa taa. Kwa mpini huo nilipima kina na kupapasa mashimo ya barabarani yaliyoibwa vifuniko. Kitambaa chekundu kikilowa, hatuingii, hata abiria akilia. Nilibuni vitambaa kwa sababu sikuweza kusoma tarakimu za utepe wa kupimia. Sylvance hakuijua sababu hiyo. Aliona akili tu, akaniita injinia.

"Injinia anasemaje?" angeuliza, mkono mmoja kwenye usukani.

"Chekundu ni kikavu."

"Basi tuingie."

Asubuhi ile kitambaa chekundu kilikuwa kikavu. Naomba msomaji alishike hilo. Maji yale gari letu lingeyavuka.

Abiria walikuwa sita. Teresiah, muuza mboga wa Pipeline, alikuwa na mama yake mzee asiyeweza kupanda nyuma ya gari. Sylvance akachuchumaa, akambeba bibi yule mgongoni.

Sasa, magurudumu ya mbele ya gari lile yalikuwa na kidude cha chuma katikati, mafundi hukiita habu. Kina kishikizo cha kuzungushwa kwa vidole na maneno mawili ya Kiingereza. Kishikizo kikielekea LOCK, gurudumu linavuta. Kikielekea FREE, gurudumu linafuata tu kama la mkokoteni. Na moja likiwa FREE, mwenzake naye hana msaada. Gari linabaki kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kabla ya kuingia majini Sylvance alizikagua habu zote mbili kwa macho yake, kila safari, hata kama ni ya kumi siku hiyo.

Safari ile alikuwa na bibi mgongoni.

"Mama Amondi, yangu nimeiangalia," aliniambia. "Iangalie hiyo ya upande wako, kama iko LOCK."

Niliinama kwenye gurudumu la kushoto. Niliona vikundi viwili vya herufi na alama ndogo ya mshale. Kwangu vilikuwa kama nyayo za kuku kwenye matope.

Ningeweza kusema, baba Amondi, sijui kusoma. Maneno manne tu. Lakini Teresiah alikuwa amesimama karibu nami, na kwa Teresiah mimi nilikuwa mke wa dereva aliyefika la saba.

Nikajiambia kwamba mtu hawezi kutumwa kwenye kitu kisichotaka kufanyiwa lolote. Nikakishika kishikizo, nikakizungusha mpaka kikalia tak.

"Iko," nikasema.

"Injinia wangu," akanijibu. Tukapanda.

Katikati ya maji magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza. Sylvance akatia gia nzito. Gari likanguruma bila kusogea.

"Mbele haivuti," akasema, kama anayeongea na gari.

Injini ikatetemeka, ikazima. Alifungua mlango akashuka, akipita mbele huku ameshikilia boneti. Maji yalikuwa kiunoni mwake. Hakwenda kwenye gurudumu la upande wake. Alikuja moja kwa moja kwenye langu. Akainama hadi maji yakagusa kidevu, mkono wote umezama, akipapasa.

Kisha akasimama wima, akanitazama kupitia kioo.

Akagonga boneti mara mbili. Hiyo ilikuwa ishara yetu. Mara moja, simama. Mara mbili, nenda. Lakini kwenye usukani hapakuwa na mtu, na injini ilikuwa imekufa. Hapo ukaja na maji ubao mkubwa, ukampiga mbavuni, naye akaniondokea.

Sikuona hasira usoni mwake. Ningeiona, labda leo ningekuwa na usingizi.

Hivyo ndivyo nilivyokaa mwaka mzima. Nilijua nimezungusha kile kidude. Sikujua nimekielekeza wapi. Mtu asiyesoma anaweza kuishi ndani ya neno labda kwa muda mrefu sana. Labda nilikifunga sawasawa. Labda kweli ni Muasya.

Siku ya Alhamisi, barua ya Obura ikiwa mfukoni, nilikwenda uwanja wa mafundi, ng'ambo ya reli. Gari letu limesimama huko tangu lilipovutwa kutoka majini. Obura alikataza lisiguswe. Majani yameota chini yake.

"Niaje, mathe wa ngumbaru," fundi mmoja kijana alinichokoza kutoka chini ya gari lingine. "Umetuletea mtihani?"

"Nimekuja kuufanya," nilimjibu.

Wakacheka. Muasya hakucheka. Alikuwa pembeni, peke yake, akifunga gurudumu la wilbaro. Mtu aliyekuwa akifungua injini za malori sasa anatengenezea watu wilbaro.

"Karibu, Mama Amondi," alisema, akijifuta mikono. "Nisamehe, sikupi mkono. Grisi."

"Nimekuja kulitazama gari tu, fundi."

"Ni lenu."

Nilizunguka hadi upande wa kushoto, nikapiga magoti. Vumbi la uwanja lilikuwa limeganda juu ya habu. Nikalipangusa kwa ncha ya leso. Herufi zikajitokeza moja moja, na safari hii zote nilizijua kwa jina. L. O. C. K. Upande wa pili, F. R. E. E.

Mshale ulielekea LOCK.

Nilisoma mara tatu. Nikafuata kwa kidole, kama tunavyofundishwa. LOCK. Nilikuwa nimekielekeza mahali pake. Mkono wangu usiosoma ulikuwa umesoma sawa.

Nililia pale chini, na namwomba Muasya msamaha kwa sababu kilio kile kilikuwa cha furaha. Nilifurahia mtu kuangamia ili mimi nipone.

"Mama Amondi, simama, utachafuka," alisema, akisogea. "Najua unachokitazama. Hata mimi hukitazama kila asubuhi."

"Iko LOCK, fundi."

"Iko, kama tulivyoikuta gari lilipovutwa. Ndiyo inayonimaliza. Habu imefungwa, na gari halikuvuta. Nimeifungua mara tatu, shemeji yako akijua na asipojua. Meno ni mazima. Nati ni nzima. Hakuna kilichovunjika." Akachuchumaa kando yangu. "Kuna siku najiambia labda ni mimi kweli. Labda kuna kitu nilikiacha na sikumbuki. Mke wangu hataki niliseme hilo nyumbani. Lakini nalisema hapa, peke yangu."

Niliikung'uta leso yangu.

"Na nilizifunga mwenyewe," akaendelea. "Jumamosi ile, kwa mkono huu. Zote mbili. Sylvance akaniambia, Muasya, ziache LOCK hivyo hivyo, hazitaguswa mpaka mvua iishe. Asubuhi na jioni gari lilikuwa linaingia majini, azifungue ya nini?"

"Ziliachwa zimefungwa?"

"Wiki nzima. Yeye alikuwa akizikagua kwa macho tu. Unamjua mumeo."

Nilimjua mume wangu.

Msomaji wangu, niliutazama tena ule mshale. Kama habu ilikuwa LOCK tangu Jumamosi, na mimi nikaizungusha, basi niliitoa mahali pake. Ningeinama, nisome, nisiguse kitu, tungevuka. Au ningeinama, nisisome, nisiguse kitu, bado tungevuka.

Na kama mimi niliielekeza FREE, ni nani aliyeirudisha LOCK?

Ni mkono uliozama majini mpaka begani. Alilikuta kosa langu kwa vidole, akalirekebisha, akasimama akanitazama. Hakuuliza. Akagonga mara mbili.

Kila aliyekuja baadaye kulitazama gari alikuta habu imefungwa, akamlaumu fundi. Jambo la mwisho alilofanya Sylvance duniani lilikuwa kunifichia.

"Unaumwa?" Muasya aliuliza. "Ngoja nikuletee maji."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala mwaka mzima, na dawa yake nilikuwa nayo mimi mdomoni. Akaenda, akarudi na kikombe cha bati. Nikanywa. Nikamshukuru. Nikaenda zangu.

Sina maneno ya kuipamba aibu hiyo, kwa hiyo naiacha kama ilivyo.

Usiku wa Ijumaa sikulala, na Jumamosi saa nne tukakutana uwanjani. Obura alikuwa amevaa suti aliyovaa kwenye mazishi. Mzee Mbuthia, mwenyekiti wa mafundi, alikaa juu ya tairi la lori lililolazwa. Mafundi wengine walisimama. Muasya alisimama mbali nao hatua nne au tano, shati lake limepigwa pasi. Binti yangu Amondi alikuwa ameomba ruhusa kwenye duka la dawa anakofanya kazi huko Donholm ili aje kunisikiliza nikisoma. Kila jioni, mwaka mzima, yeye ndiye aliyekaa nami mezani tukafanya kazi ya Mwalimu Nduta.

"Mathe, usiogope," aliniambia, akininyoosha kola. "Ukikwama, niangalie mimi."

"Sitakwama."

"Najua. Nasema tu."

Mzee Mbuthia alikohoa. "Sisi hapa hatumfukuzi mtu kwa maneno ya mtaani. Mwenye msiba aseme. Mama akisema na akitia sahihi, Muasya atafungasha vyuma vyake leo. Muasya, una neno?"

"Nimeshasema yote, mwenyekiti. Meno ya habu ni mazima."

"Hayo tumeyasikia."

"Basi sina jingine."

Obura akaniwekea barua mkononi, na kalamu juu yake. "Kwa sauti, shemeji. Wasije wakasema nilikudanganya."

Nilisimama kando ya boneti ya gari letu. Barua ilikuwa imepigwa chapa kwa herufi kubwa. Obura aliagiza hivyo kwa ajili yangu. Nikaanza.

"Mimi, Benta, mjane wa marehemu Sylvance Odera, mkazi wa Kaloleni, nathibitisha mbele ya kamati hii kwamba kifo cha mume wangu kilisababishwa na uzembe."

Nilisikia mtu akinong'ona, sikia anavyosoma. Obura alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu, macho yamelowa kwa fahari.

Maneno yaliyofuata kwenye karatasi yalikuwa "wa fundi Muasya". Niliyaona wazi kabisa.

"Wangu mwenyewe," nikasema.

Obura akainua kichwa. "Shemeji, umeruka mstari."

"Sijaruka."

"Umeruka kidogo. Si neno. Rudi kwenye uzembe, uende polepole."

Nikarudi. "Kilisababishwa na uzembe wangu mwenyewe, mimi Benta, niliyegeuza habu ya gurudumu la kushoto bila kujua ninachokifanya."

Sikutarajia kilichofuata. Walinihurumia. Yule kijana aliyenichokoza Alhamisi aliinamisha uso. Mzee Mbuthia akanipungia mkono.

"Mpeni kiti," alisema. "Hayo ni maneno marefu, na ana uchungu. Hata mwenye digrii angechanganyikiwa."

"Sijachanganyikiwa, mzee."

"Ndiyo, mama. Keti kwanza."

Miaka ishirini na mmoja sikujua kusoma, na kila mtu aliniamini kwamba najua. Siku niliyosimama nikijua, nikasema kweli, wakaona sijui.

Obura aliichukua barua mkononi mwangu kwa upole, kama anavyochukuliwa mtoto kisu. "Amondi, msaidie mama yako. Isome wewe, yeye atatia sahihi tu."

Nilimtazama Muasya. Hakuwa akimtazama Obura wala mwenyekiti. Alikuwa akitazama habu ya kushoto, iliyokuwa safi pale nilipoipangusa kwa leso, na midomo yake ilikuwa ikisogea kama ya mtu anayefuatisha hesabu. Alipoinua macho yake kwangu, nilijua amefika mwisho.

Nilimngojea aseme. Ilikuwa haki yake.

"Mwenyekiti," alisema, na sauti yake ilikuwa chini. "Nitafungasha vyuma vyangu. Mwacheni mama wa watu aende nyumbani."

Alikuwa amekwisha kujua, na bado alikubali kulibeba kosa langu. Mwanaume wa pili alikuwa akinifichia.

"Basi imekwisha," Obura alisema. "Amekubali mwenyewe. Amondi, soma tumalize."

Amondi alikuwa ameishika barua. Macho yake yalipita juu ya mistari mara moja, yakarudi, yakasimama mahali. Hakusoma.

"Amondi," Obura akarudia.

"Baba mdogo, ngoja." Alinijia karibu, akaweka kidole chake kwenye karatasi, vile anavyokiweka kila jioni mezani. "Hili neno ni fundi. Mama alilisoma wiki ya kwanza. Ndilo neno la kwanza alilotaka kufundishwa, na nilimuuliza kwa nini, hakunijibu. Na hili hapa ni Muasya. Aliliandika daftari zima."

"Ana uchungu, mwanangu," Mzee Mbuthia alisema.

"Uchungu anao. Lakini haya maneno mawili hawezi kuyakosea."

Treni ya mizigo ilipita ng'ambo, ikachukua muda wake wote.

"Mama," alisema ilipokwisha, na safari hii hakuniita mathe. "Teresiah aliniambia kwamba baba aliposhuka majini alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la upande wako. Mwaka mzima nimejiuliza kwa nini hakuanza na lake. Alikuwa anatafuta nini?"

Niliitoa barua mkononi mwake. Nikaiweka juu ya boneti, pale pale mkono wa baba yake ulipogonga mara mbili, na juu yake nikaweka kalamu ya Obura.

"Keti chini, Amondi," nilimwambia.

Hakuketi.